Hotuba ya Mwenyekiti Siku ya Kutimiza Miaka Kumi: Magimbi ya Bondeni na Mstari Usiovunwa

Ndugu mgeni rasmi, ndugu viongozi wa serikali ya kijiji, masheikh na wachungaji wetu, wageni waalikwa, wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana:

  

Awali ya yote napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu, mwingi wa rehema, kwa kutujalia uhai na afya tukakutana siku ya leo. Miaka kumi si mchezo. Katika wale tulioanza nao mwaka 2015 wapo waliotangulia mbele ya haki. Mmoja wao nitamsema humu ndani, ila jina lake sitalitaja, maana mwenyewe hakupenda kutajwatajwa.

Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mniwie radhi. Risala imesomwa na katibu, hesabu mmeletewa na mweka hazina, sina haja ya kurudia mambo ya hisa na mikopo. Kamati imeniomba niseme habari ya shamba letu la bondeni, yaani kilimo cha magimbi, kwa sababu wageni wakija hapa wanauliza neno moja tu: "Nyie kina mama, mbona mbegu mnayo kila mwaka wala hamnunui?" Jibu lake refu kidogo, na aibu yangu imo ndani yake. Nivumilieni.

BONDE LETU

Ndugu mgeni rasmi, sisi tunakaa wilaya ya Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Maji yanayoteremka huku yanaingia Mto Zigi, na Zigi unakwenda mpaka bwawa la Mabayani, ambako watu wa Tanga mjini wanapata maji yao ya bomba. Sisi tukichafua huku juu, ndugu zetu wa Ngamiani wanakunywa kule chini.

Shamba letu la kwanza lilikuwa ukingoni kabisa mwa kijito. Gimbi linapenda maji, basi tukaona tulipeleke majini. Baadaye tukaelimishwa kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wenzangu baadhi walinuna, na mimi nilikuwa mmoja wao, sitaki kuficha. Lakini tulichukua kamba, tukapima, tukahama. Tukapata lile eneo chini ya mteremko ambalo maji yanapenya chini kwa chini kutoka mlimani. Ardhi yake haikauki. Hata Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwaka, ukifukua kidogo unakuta udongo baridi wenye unyevu. Watu walikuwa wanaliita eneo bovu kwa sababu mahindi yanakuwa ya njano na mihogo inaoza. Kwa gimbi ndiyo pepo yake.

Na nataka mjue kwa nini. Ukikata bua la jani la gimbi ukalitazama, utaona vitundu vingi kama sifongo. Hivyo ni njia za hewa. Hewa inashuka kutoka kwenye majani mpaka mizizini, ndiyo maana gimbi linavumilia kusimama kwenye tope pale mmea mwingine unaposongwa pumzi. Lakini msije mkadhani maji yoyote yanafaa. Maji yaliyotuama yakapata joto yanaozesha. Yawe yanatembea, hata polepole. Kwa hiyo tumechimba mifereji midogo ya kuyapitisha.

NAMNA YA KUPANDA

Kwanza jueni gimbi lenyewe. Yako ya aina mbili ambayo watu wanayachanganya. Gimbi letu la asili lililotoka bara la Asia zamani sana likavuka Bahari ya Hindi, bua lake limeshika jani kwa ndani, si pembezoni. Lile jingine, ambalo asili yake ni Amerika, bua limeshika pale pale jani linapogawanyika. Hili la pili msilipeleke kwenye maji, linataka udongo unaopitisha maji vizuri.

Mbegu yake si punje. Ukishang'oa gimbi unakata kichwa chake, unaacha nyama kidogo kama unene wa kidole, pamoja na mabua yenye urefu wa shubiri moja. Majani unayaondoa. Hicho kichwa ndicho mbegu. Mbegu ya pili ni watoto, yale machipukizi yanayomzunguka mama. Shimo liwe la kina cha shubiri moja, na kati ya shimo na shimo uache sentimita 60 au zaidi. Weka samadi iliyooza, panda, fukia, tandaza majani makavu juu.

Miezi mitatu ya mwanzo palizi lisikupite. Majani yakishatanda yakafunika ardhi, magugu yenyewe yanakosa jua. Kila ukipalilia pandishia udongo kwenye shina. Baada ya miezi sita mpaka kumi na miwili, kutegemea aina, utaona majani mapya yanakuwa madogo, ya zamani yanageuka manjano, na gimbi linajisukuma juu kama linakuchungulia. Hapo limekomaa. Usilichelewesha mno, lile kubwa likikaa kupita kiasi linakuwa na maji halina utamu.

Kuhusu kuwasha: gimbi bichi lina vijisindano vidogo sana ambavyo macho hayavioni. Menya mikono ikiwa mikavu au jipake mafuta, kisha upike mpaka liive kabisa. Majani nayo ni mboga, lakini yachemshwe sana. Mpishi mwenye haraka asipike magimbi.

MVUA HAIHAMI, MFUNGO UNAHAMA

Ndugu mgeni rasmi, pwani yetu hii gimbi lina msimu wake wa heshima, nao ni mwezi wa Ramadhani. Futari bila magimbi ya nazi haijakamilika, na hata ndugu zetu Wakristo wanatuunga mkono, maana futari haichagui dini. Mwezi huo fungu la magimbi pale soko la Mgandini si bei ile ya siku zote.

Lakini hapo pana hesabu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu mwingine kwa siku kama 11. Mvua zinabaki kwenye miezi yake, masika Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Desemba, lakini mfungo unarudi nyuma kila mwaka. Tulipoanza mwaka 2015 ulianza katikati ya Juni. Mwaka 2025 ulianza mwanzoni mwa Machi. Mwaka 2026 ni Februari. Na wataalamu wa hesabu za mwezi wanasema mwaka 2030 utaingia mara mbili, Januari na tena mwisho wa Desemba.

Sasa mkulima wa kawaida anapanda pale mvua inapomruhusu. Zamani tukipanda na vuli, Novemba, mwezi wa sita tunavuna, futari inatukuta tayari. Leo ukipanda Novemba mfungo unakukuta gimbi bado changa. Inabidi tuhesabu kurudi nyuma: mfungo wa Februari, tupande Aprili au Mei iliyotangulia. Mfungo ukifika Januari, tupande Machi, pengine hata mvua haijatulia. Nani anaweza kupanda kabla ya mvua kutulia? Mwenye ardhi yenye unyevu. Hiyo ndiyo faida ya bonde letu. Lakini haitoshi kuwa na ardhi, lazima siku hiyo uwe na mbegu mkononi. Hapo ndipo nilipokosea mimi.

KOSA LANGU

Mwaka 2018 mfungo uliingia katikati ya Mei. Magimbi yetu yalikuwa mazuri sana, wachuuzi walitufuata shambani na pesa mkononi. Mmoja akasema, "Hata hao watoto nitawachukua." Anataka vijigimbi vidogo, mbegu zetu. Nikiwa mwenyekiti nikawaambia wenzangu ng'oeni vyote, mbegu tutatafuta mbele kwa mbele. Jamani, pesa ikiwa mbele ya macho inasema kwa sauti kubwa. Tuling'oa siku tatu. Tukagawana, tukapiga vigelegele, kila mtu akaenda zake.

Mwanachama mmoja alikataa. Bibi yetu, mtu mzima kuliko sisi sote. Yeye alikuwa na mistari minne, aking'oa mitatu akaacha mmoja. Nilimfuata nikamwambia, "Bibi, unatuchelewesha, mteja anangoja." Akanijibu bila kuinua uso: "Mwanangu, mteja wa leo anangoja. Na wa mwakani je?" Nilimwona mkaidi. Nilisema maneno ambayo leo siwezi kuyarudia mbele ya wageni.

Ulipofika wakati wa kupanda tena, bonde lilikuwa tupu. Tukaenda kununua mbegu huku na huku. Nyingine zilikuja zimeoza njiani, nyingine zilikuwa zile zinazowasha hata ukipika siku nzima. Wanachama watano wenye mikopo walishindwa kurejesha kwa sababu walitegemea mavuno. Mfuko wa jamii ukaguswa. Kikundi kilibaki kidogo kivunjike, na wengine mliomo humu mnajua kwamba milango mingine nilikuwa napita nikiinamisha kichwa.

Mbegu iliyotuokoa ilitoka kwenye ule mstari mmoja wa bibi. Alituita wote akatugawia. Hakutaka hata senti. Alisema neno moja: "Atakayechukua kumi arudishe kumi na mbili, asinirudishie mimi, aurudishie mstari."

UA LA MPAKANI

Sasa nije kwenye hili ua jekundu ambalo wageni wameliuliza. Wengi mnalijua, linaota lenyewe vichakani na msituni. Mvua za kwanza zikigonga, linachomoka ardhini bua moja, juu yake duara jekundu la nyuzinyuzi kama brashi, majani yanafuata nyuma. Linakaa wiki moja au mbili limekwisha. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, na ua hili ungedhani ndilo lililosemwa. Kumbe haliondoki. Chini lina kitunguu. Kiangazi majani yanakufa, kitunguu kinalala, hakuna anayejua kama pale pana kitu. Mvua nyingine, huyo tena, mahali pale pale. Mjukuu wangu amenionyesha kwenye simu maua ya Uholanzi, shamba zima rangi tupu, nayo yanatoka kwenye vitunguu vilivyolala ardhini wakati wa baridi. Kwao kinachoamsha ni baridi kuondoka, kwetu ni mvua kuingia. Mpango wa Mungu ni mmoja.

Bibi alikuwa amepanda vitunguu hivyo kwenye tuta linalouzunguka ule mstari wake. Mimi nilidhani ni urembo. Nilipomwuliza akacheka. Akaniambia, Wachagga wanapanda masale mpakani ili kila mtu aone. Yeye alitaka mpaka wa kumwonya mtu asiyetazama. "Mwenye tamaa hatazami," akasema, "anachimba tu. Jembe lake likigusa kitunguu, atasimama."

Wallahi hilo neno halijanitoka mpaka leo. Maana sisi tunavuna kiangazi, ua limelala, hakuna alama juu. Alama iko chini.

Kwa anayetaka kulipanda: lisiwekwe kwenye tope pamoja na gimbi. Likiwa limelala halitaki kulowa, litaoza. Liweke juu ya tuta, penye kivuli kidogo, shingo ya kitunguu ilingane na uso wa ardhi. Halafu liache. Halipendi kusumbuliwa. Litazaa watoto pembeni taratibu, na baada ya maua lina tunda jekundu ambalo unaweza kupanda mbegu yake ikiwa bado mbichi, ila uwe na subira ya miaka kabla hujaona ua.

Na hapa naomba kina mama mnisikilize sana. Kitunguu hiki ni SUMU. Sehemu nyingine za Afrika walikuwa wakikitia kwenye sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Si cha jikoni. Msikichimbe mkakiweka karibu na vitunguu vya kupikia, na watoto wafundishwe tangu wadogo. Vilevile lile ua jingine linalotambaa, jekundu na manjano, lenye ncha za majani zinazojishikiza, mzizi wake nao ni sumu kali. Mtu akila, hospitali haraka, msingoje kuona.

Na onyo la pili: mmea unaojiotea wenyewe ni neema, lakini usipouchunga unakuwa mwenye nyumba. Kule Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, ililetwa mimea mingi ya nje. Kuna mti mmoja wa kutoka upande wa Ziwa Victoria ulipandwa, ukatoroka, ukaingia ndani ya msitu wa asili mpaka leo. Gimbi nalo ukitupa vichwa ovyo litateremka na maji mpaka kwenye kijito tulichokiacha. Kwa hiyo mabaki yote yanarudi kwenye mboji, hayatupwi mferejini.

KATIBA YETU NA MANENO NINAYOYASIKIA

Baada ya yale, tuliandika kwenye katiba ya kikundi kifungu kifupi. Kinasema: mstari wa mbegu hauvunwi na hauuzwi; anayechukua mbegu kumi anarudisha kumi na mbili; jembe likigusa kitunguu, simama. Kwenye mstari huo tunang'oa gimbi kuu lililokomaa tu, na kichwa chake tunakirudisha pale pale siku ile ile. Watoto hawatoki.

Wazee walisema akiba haiozi. Mimi nimejifunza kwamba gimbi likishang'olewa linaoza, tena baada ya siku chache. Lisilooza ni lile tulilokubaliana wote kutoligusa. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Bonde halina kufuli. Kufuli yake ni sisi.

Ndugu zangu wanakikundi, najua yanayosemwa visimani na kwenye bodaboda. Kwamba kwa kuwa tumetimiza miaka kumi tugawane kila kitu, tuvunje na mstari wa mbegu tuuze, maana futari inakuja na bei itakuwa nzuri, kisha tuanze upya. Sina kinyongo na aliyesema. Aliyesema anadaiwa ada za shule, na mimi nilisema maneno hayo hayo mwaka 2018 nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki. Mnaweza kupiga kura mkanishinda, ni haki yenu. Ila naomba kabla ya kupiga kura mshuke bondeni mkautazame mstari kwanza.

Bibi yetu alifariki mwaka 2022. Tulimzika kiangazi. Mvua zilipoingia nilishuka peke yangu kukagua mifereji, nikakuta tuta lote limewaka jekundu. Nilikaa chini pale nikalia, kisha nikahesabu. Yeye aliponionyesha mara ya kwanza vilikuwa vitunguu kumi na moja. Siku ile maua yalikuwa ishirini na saba. Hakuna aliyevimwagilia wala kuvitia samadi. Tulichokifanya sisi ni kutovigusa tu.

Kwa mwanachama mwenye shida ya kweli mwaka huu, mfuko wa jamii upo, na aje kwangu hata usiku. Mbegu tumwachie mwenye shida wa mwaka kesho, ambaye huenda nikawa mimi, au mtoto wako.

Ndugu mgeni rasmi, ombi letu kwako ni moja: utusaidie tupate mtaalamu wa kilimo atufundishe magonjwa ya magimbi, maana hayo bado tunabahatisha. Na ukiondoka leo, kuna kikapu mlangoni. Ndani kuna vichwa kumi vya magimbi. Si zawadi, ni mkopo. Mwakani tunangojea kumi na viwili.

Mungu ibariki Tanzania. Mungu kibariki kikundi chetu.